Ramani ya hewa chafu haimpimi mtu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya wasomaji nitoe hoja kuhusu takwimu za hewa chafu, kwa kuwa siku hizi taarifa nyingi za afya huambatana na ramani zenye rangi za manjano na nyekundu, nasi huzisoma kana kwamba ndiyo hewa inayoingia mapafuni mwetu.

Ramani hizo ni makadirio. Wataalamu huchukua vipimo vya setilaiti, wakavioanisha na taarifa za upepo, viwanda na magari, pamoja na vituo vichache vya ardhini, kisha kompyuta ikakadiria wingi wa chembechembe zisizozidi mikromita 2.5 katika hewa ya nje. Baadhi ya makadirio yanayotumika sana duniani hugawa ardhi katika miraba yenye upande wa takriban kilomita 11, ambayo mmoja wake unaweza kuzimeza Oysterbay ya matajiri na Manzese ya nyumba zilizobanana, hapa Dar es Salaam, na kuzipa namba moja. Tena setilaiti haioni chini ya bati, anapoinama mama lishe kupepea jiko la mkaa mpaka likolee, wala chumbani ambako dawa ya mbu ya kuchoma huwaka usiku kucha na madirisha yamefungwa.

Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Katika utafiti uitwao HAPIN, kuhusu moshi wa majumbani, uliofanyika Rwanda, Guatemala, India na Peru, wajawazito wapatao 3,200 waligawanywa makundi mawili: kundi moja lilipewa jiko na gesi bure, jingine likaendelea na kuni na nishati nyinginezo za aina hiyo. Washiriki walivaa vifaa vidogo vya kupima hewa karibu na pua na mdomo. Matokeo ya mwaka 2022 yalionyesha kiwango cha kati cha chembechembe hizo cha takriban mikrogramu 24 kwa mita ya ujazo kwa waliopewa gesi, na 70.7 kwa wenzao. Kwa kuwa majirani waliishi chini ya anga moja, ramani ingewapa wote namba ileile. Uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiasi cha maana, jambo lililowashangaza wengi, na bila vipimo vya vifaa walivyovaa tungedhani kwa wepesi kwamba akina mama hawakuyatumia majiko hayo.

Sidai ramani zitupwe; hakuna nchi inayoweza kumvisha kila raia kifaa, na kwa kulinganisha mikoa au miaka makadirio yanafaa. Vifaa vya kuvaa navyo vina udhaifu: vile vinavyotumia mwanga hupotoshwa na unyevunyevu, nasi wa pwani tunaujua, hivyo ni lazima vilinganishwe na vichujio vinavyopimwa uzito maabara. Na mtu akikiacha kifaa kimetundikwa ukutani, kitapima ukuta.

Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ninapendekeza wahusika wasihesabu mitungi iliyogawiwa peke yake, kwani kaya nyingi huwa na mtungi na jiko la mkaa kwa pamoja. Wachague kaya chache kila kanda, mijini na vijijini, wawavishe wapishi vifaa kabla ya gesi kufika na tena baada ya mwaka, masika na kiangazi, kisha matokeo yachapishwe kando ya ramani.

Msomaji wako,
Temeke, Dar es Salaam