Timu Zilizobaki Bila Shule

Mwalimu, rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia salama, na nimefurahi mno kusikia kwamba mama amepata nafuu. Mfikishie shikamoo yangu.

Sasa nijibu swali lako. Uliniuliza kwa nini wazee wa huku Indiana, Marekani, hukutana kila mwaka kwa ajili ya shule ya sekondari iliyofungwa zamani, na kwa nini mazungumzo yao hayamalizi nusu saa kabla ya kuingia kwenye mpira wa kikapu. Nimelifikiria sana, hasa baada ya kukaa nao meza moja. Naona shule zilipofungwa, masomo yalipata pa kwenda. Watoto walipanda basi wakaenda kusoma kwingine. Kilichokosa pa kwenda ni ule mkusanyiko wa kijiji kizima usiku wa mechi.

Wewe ni kocha, kwa hiyo takwimu hizi zitakuingia haraka. Mwaka 1938 timu 787 ziliingia kwenye mashindano ya wavulana ya jimbo hili. Mwaka 1997 zilikuwa 382. Katikati hapo vijiji vingi vilipoteza sekondari zao. Na miaka yote hiyo hapakuwa na madaraja: shule ya kijijini yenye wanafunzi wachache iliwekwa kwenye mashindano mamoja na shule kubwa za mjini, na bingwa wa jimbo alikuwa mmoja tu. Utaratibu wa kuzigawa shule kwa ukubwa ulianza msimu wa 1997–98. Wako watu hapa ambao mpaka leo hawajausamehe uamuzi huo, na mimi nawaelewa.

Maana wadogo walikuwa wanashinda kweli. Habari za Milan unazijua: shule ya wanafunzi 161, mwaka 1954, waliifunga shule kubwa ya mjini, Muncie Central, 32–30 kwa mpira wa mchezaji wao Bobby Plump sekunde za mwisho. Milan ingali wazi, kwa hiyo sina haja ya kukaa kwayo. Wanaonigusa zaidi ni Wingate, wa kaunti ya Montgomery. Hawa hawakuwa hata na ukumbi wao wa kufanyia mazoezi, ikabidi waende kijiji jirani cha New Richmond. Mwaka 1913 waliingia fainali dhidi ya South Bend, dakika za kawaida zikaisha sare, ikaongezwa nyongeza, ikaongezwa tena, hadi nyongeza ya tano ndipo wakashinda 15–14. Mwaka uliofuata wakalitwaa tena kombe, wakiwa na Homer Stonebraker, ambaye jina lake linatajwa hadi leo na watu ambao hawakuwahi kumwona akicheza. Sekondari ya Wingate haipo tena. Watoto wa upande ule sasa husoma shule ya muungano ya North Montgomery.

Utauliza nani alizifunga shule hizi. Mashine za kilimo zilipunguza mikono iliyohitajika shambani, familia zikahama au zikazaa watoto wachache, na barabara nzuri pamoja na mabasi zikarahisisha kuwapeleka watoto mbali. Kisha wakaja wataalamu. Mwaka 1959 James Conant, aliyewahi kuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa ripoti akisema sekondari isiyoweza kutoa angalau wahitimu mia moja kwa mwaka ni ndogo mno kufundisha kila kinachotakiwa. Mwaka huohuo Indiana ikapitisha sheria ya kuzipanga upya mamlaka za shule, kila moja ikitakiwa iwe na wanafunzi wasiopungua 1,000. Sitaki kuwaonea waliotunga sheria hiyo. Shule nyingi hazikuwa na maabara ya maana, na mwalimu mmoja alifundisha hesabu, historia na bado akawa kocha. Mtoto wa mkulima alistahili kusoma fizikia kama mtoto wa mjini. Lakini katika hesabu zao zote sioni mahali walipouliza watu wa kijiji wangekutania wapi wakati wa baridi, mashamba yakiwa yamelala na jua likizama saa kumi na moja jioni.

Wananchi wenyewe walilijua hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, kabla hata ya sheria hiyo, wazazi wa kijiji cha Onward, kaunti ya Cass, waliilinda shule yao kwa miili yao ili isiunganishwe na ile ya Walton. Huwezi kupigania kuta za matofali namna ile kama ndani yake mna madaftari tu.

Ila nisikudanganye kwamba kila muungano ulikuwa msiba. French Lick na West Baden ni miji inayopakana, yote miwili iliyojulikana kwa maji ya chemchemi, na ilikuwa na upinzani mkali: huku timu ya Red Devils, kule ya Sprudels. Mwaka 1957 shule zao ziliunganishwa ikawa Springs Valley. Hebu fikiria wewe kocha, umepewa vijana waliokuwa wakipigana vikumbo msimu uliopita, uwavalishe jezi moja! Msimu wao wa kwanza walishinda mechi baada ya mechi bila kupoteza, wakafika nne bora za jimbo mwaka 1958, wakaja kuangukia hapo. Miji iliyokuwa haiongei ikajikuta imepanga foleni moja ya tiketi. Ndiyo shule aliyokuja kusoma Larry Bird. Nadhani ushindi ule ulifanya kazi ambayo mkutano wa wazazi usingeiweza. Shule nyingi nyingine hazikujaliwa hivyo. Ziliungana, zikafungwa mabao, na kila upande ukaamini kwamba ungebaki peke yake kama zamani ungefanya vizuri zaidi.

Mwezi uliopita nilialikwa kwenye chakula cha jioni cha wahitimu wa shule mojawapo. Jengo la madarasa limeshabomolewa, umebaki ukumbi wa michezo. Jukwaa la maigizo liko nyuma ya goli moja. Nyuma ya goli la pili ukuta uko hatua mbili tu kutoka mstari wa mwisho, na bado umebandikwa magodoro ya kumkinga mchezaji anayekuja kwa kasi. Mzee mmoja wa miaka themanini na kitu alinishika mkono, akanipeleka karibu na kona, akagonga sakafu kwa fimbo yake. Sauti ya ubao ule ilikuwa nzito, tofauti na ya jirani zake. Akaniambia mpira ukidundishwa pale haurudi juu sawasawa, na wao wenyeji walikuwa wakiwasukuma wageni kuelekea pale makusudi. Alisema hivyo akiwa amenyooka kabisa, macho yameng'aa, na watu wawili waliokuwa karibu wakaanza kubishana kama ubao wenyewe ni huo au unaofuata.

Mabishano hayo niliyapenda kuliko hotuba zote za jioni ile. Wanajua sakafu yao kama mkulima anavyojua sehemu za shamba lake zinazotuamisha maji.

Kisha kuna majina ya utani ya timu. Ladoga waliitwa Canners, kwa sababu ya kiwanda cha kusindika mboga kwenye makopo. New Market walikuwa Purple Flyers. Epsom, kwenye kaunti ya Daviess, waliitwa Salts, yaani chumvi ya haluli, na waliingia uwanjani na jina hilo kifua mbele. Shule mpya zilipozaliwa zilichagua majina ya kawaida ambayo hayakumuudhi yeyote, na ndiyo maana hayakumtambulisha yeyote. Ladoga na New Market leo wako chini ya shule ya muungano ya Southmont. Ningekuwa na sauti, ningetaka kila shule iliyounganishwa ilazimishwe kutunza vikombe, jezi na vitabu vya matokeo vya zile zilizomezwa, viwekwe mlangoni panapoonekana. Nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja kuhusu vikombe vilivyookotwa kwenye takataka siku ya kuhama. Hilo lilinikasirisha sana.

Jambo moja limenikaa moyoni. Akina mama wa meza yetu hawakuwa na mechi zao za kusimulia. Mashindano ya jimbo ya wasichana yalianza mwaka 1976, na shule zao nyingi zilikuwa zimeshafungwa. Walishangilia, walipiga tarumbeta kwenye bendi, waliuza vitafunwa mlangoni. Mmoja aliniambia alikuwa akifunga mipira mingi kuliko kaka yake, uwanjani kwao, kwenye goli lililopigiliwa ukutani mwa ghala la nyasi. Kaka yake yumo kwenye picha ya timu, yeye hayumo popote. Nikimsikia mtu akisema enzi zile zilikuwa njema kwa wote, namkumbuka mama huyo.

Wamenipa kazi, na nimeikubali kwa furaha. Wana picha za timu ambazo nyuma hazikuandikwa kitu, nami natakiwa kuzipitisha kwa kila mzee aliye hai na kuandika jina la kila sura. Kikosi kimoja kimebakiza kijana mmoja wa mstari wa nyuma, mwenye masikio makubwa, ambaye kila mtu anamkumbuka na hakuna anayelipata jina lake. Jumamosi nakwenda kwa bibi mmoja aliyekuwa akiandika matokeo mezani; wanasema yeye hasahau. Nikifanikiwa nitakutumia nakala ya picha hiyo, na wewe uniandikie vijana wako wa kidato cha tatu wanaendeleaje na ile mbinu ya kukaba uwanja mzima.

Wasalimie wote nyumbani.

Rafiki yako wa siku zote.