Nyumba iliyokaguliwa wakati wa kiangazi

Wateja wengi wanaonunua nyumba Kampala na Wakiso hutuita Januari au Februari, jua likiwa kali. Tunakuja, tunakagua, tunaandika ripoti. Ripoti hiyo ni ya kweli, ila ni ya siku ile tu. Mvua za Machi hadi Mei zikishuka, yaliyokuwa yamejificha hutokeza, na mnunuzi amekwisha kulipa.

Kinachotuponyoka zaidi ni mchwa. Ardhi yetu ina vichuguu vingi, na wajenzi wengine hukisawazisha kichuguu kwa jembe, wakamwaga moramu na zege juu yake bila kumchimbua malkia. Malkia wa mchwa anaweza kuishi zaidi ya miaka 10, akitaga mayai chini ya sebule yako. Watoto wake hupenya kwenye ufa mwembamba wa sakafu, wakapanda nyuma ya plasta mpaka kwenye fremu za milango na mbao za paa. Hula ndani ya ubao na kuacha ngozi ya nje ikiwa nzima, rangi yake inang'aa. Tukiugonga kwa mpini wa bisibisi, ubao ulioliwa hulia kama kitu kitupu. Lakini mbao za juu ya dari hatuzifikii kama hakuna tundu la kupandia, na wenye nyumba wengi hukataa dari isikatwe. Hili linatusikitisha, maana huko juu ndiko kwenye gharama kubwa.

Kwa hiyo waulize wapangaji na majirani: baada ya mvua, kumbikumbi, wale mchwa wenye mabawa tunaowakaanga, hutokea wapi? Wakitoka uani ni kawaida. Wakitoka sakafuni, ndani ya chumba, usilipe kwanza.

Unyevu nao hufichwa kwa mkono mmoja wa rangi. Nyumba iliyojengwa bila karatasi ya nailoni kati ya msingi na ukuta hufyonza maji kutoka ardhini, na wakati wa kiangazi huwezi kujua. Ukiona rangi mpya imepakwa chini tu, usawa wa goti, uliza kwa nini.

Karibu na vinamasi kama Lubigi na Kinawataka, ukaguzi wa kuta hautoshi kabisa. Kiwanja kilichojazwa udongo juu ya mafunjo huendelea kudidimia, na nyufa huweza kuchelewa miaka. Tena kuna sheria: mwaka 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Uganda, ilibomoa nyumba ndani ya kinamasi cha Lubigi. Tazama alama za maji kwenye kuta za jirani, kisha thibitisha mipaka ya kinamasi kabla ya kutuita sisi.

Shimo la maji taka na nyaya zilizozikwa ukutani hatuzioni kwa macho. Shimo tunaomba lifunguliwe. Nyaya tunazipima kwa mita, pamoja na waya unaopeleka umeme ardhini, ambao mara nyingi haupo.

Ndiyo maana sasa tunakuja mara mbili: siku ya makubaliano, na tena baada ya mvua kubwa. Muuzaji akiwa na haraka, omba sehemu ya malipo ibaki kwa wakili hadi ziara ya pili. Ukitupigia, tuambie kama mwenye nyumba ameruhusu dari ifunguliwe, ili tuje na ngazi na fundi wa kuirudishia.