Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar: katamarani za kukodisha zipinduliwe mbele ya mkaguzi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu,

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kuhusu katamarani ndogo za tanga, boti zenye miili miwili, zile za mita tano hivi wanazokodishiwa wageni ufukweni kuanzia Nungwi na Kendwa hadi Paje na Jambiani. Mimi nafundisha watu kuziendesha, pwani ya mashariki. Ombi langu ni moja na nalitanguliza: chombo cha aina hii kisiruhusiwe kubeba abiria wa kulipa mpaka wale watakaokiendesha wakipindue baharini mbele ya mkaguzi, kisha wakisimamishe wenyewe, bila kusaidiwa na boti ya injini.

Najua ombi hili linashtua. Visiwa hivi vimeshalia vya kutosha. Septemba 2011 tulizika watu wa meli ya Spice Islander, Julai 2012 tukazika wa meli ya Skagit, na tangu hapo tukisema usalama wa baharini akili zetu zinakwenda moja kwa moja kwenye meli, idadi ya abiria na orodha ya majina. Ni haki ziende huko. Lakini katamarani ndogo ina hatari yake ya peke yake, na hatari hiyo huioni chombo kikiwa kimekaa mchangani, jaketi zimehesabiwa na zimetimia.

Niruhusu nieleze, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapodanganyika. Jahazi lenye farumi, uzito uliowekwa chini ili litulie, likipigwa na upepo hulala polepole, na kadiri linavyolala nahodha anahisi, anasikia mbao, anaona maji yanapanda ubavuni. Anapata onyo na anapata muda. Katamarani haina farumi. Inasimama kwa upana wake: miili miwili iliyoachana, na turubai la kukalia katikati. Mgeni akipanda anaona imetulia kama sakafu, haiyumbi, hailali, na anaamini kwamba chombo hiki hakipinduki. Ukweli ni kwamba nguvu yake ya kujizuia inafika kileleni pale tu mwili wa goshini, upande unakotoka upepo, unapoanza kunyanyuka kutoka majini. Kuanzia hapo kila nyuzi inayoongezeka inaipunguzia nguvu. Ikifika nyuzi 90, mlingoti umelala juu ya maji, haina tena nguvu ya kujirudisha. Ikivuka hapo ikageuka juu chini, inatulia vilevile ilivyotulia mwanzo, na itakaa hivyo mpaka mtu aje aigeuze.

Chukua katamarani ya aina ya Hobie 16, ambayo imeenea kwenye fukwe za dunia nzima. Ina urefu wa mita 5 na kidogo, upana wa mita 2.4, uzito wa kilo 145 tu, na matanga yake mawili pamoja yanafika karibu mita 20 za mraba. Upepo unapoisukuma, inataka kupindukia juu ya mwili wa demanini, upande unakokwenda upepo. Uzito wa boti yenyewe unaizuia kutoka umbali wa mita moja hivi. Watu wawili wa kilo 75 waliokaa goshini wanaizuia kutoka umbali wa mita mbili. Piga hesabu, Mheshimiwa: kama theluthi mbili ya kinachoizuia katamarani hiyo isipinduke ni miili ya watu waliokaa juu yake. Wazee wetu wa ngalawa wanalijua hili bila hesabu. Upepo ukikaza baharia anapanda kwenye mirengu, ile miti ya ubavuni inayosawazisha ngalawa, upande wa goshini, na anajua kwa nini yuko pale. Mgeni wa saa moja hajui. Boti ikinyanyuka anaogopa, anaserereka kuelekea upande wa chini ambako anaona pana usalama, na kwa sekunde hiyo moja uzito wake wote umetoka kwenye mizani. Sasa fikiria boti hiyo imempakia kijana mwembamba na watoto wawili. Idadi ya watu ni halali, na bado chombo kina uthabiti mdogo kuliko kama kingebeba watu wazima wawili.

Halafu upepo wenyewe. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari husema upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita mbili. Mtu anayesikia anaweza kudhani kilomita 40 ni ukali maradufu wa kilomita 20. Kwenye tanga sivyo. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma tanga inaongezeka mara nne. Wakati wa kusi, Julai na Agosti, boti iliyotoka asubuhi kwa raha inaweza kukutana na nguvu hiyo kabla ya adhuhuri, na tanga likiwa lilelile, wazi kabisa.

Kuna namna ya pili ya kupinduka, na hii mimi naihofia zaidi. Boti inapokwenda na upepo nyuma au ubavuni kwa nyuma, pua ya demanini inaanza kuchoma maji. Miili ya katamarani ndogo ni myembamba mbele, haina unono wa kuinyanyua tena. Pua ikizama, boti inafunga breki ghafla, tanga linaendelea kusukuma, na nyuma inaruka juu ya mbele. Watu wanatupwa mbele ya mlingoti, wengine wanapigwa na nyaya. Kulegeza kamba ya demani, ile ya kubania na kulegezea tanga, ambako kungekuokoa ukienda dhidi ya upepo, hapa hakusaidii sana kwa sababu tanga likishafika kwenye nyaya za kushikilia mlingoti haliwezi kufunguka zaidi. Dawa yake ni kurudisha watu wote nyuma kabla, wakakae karibu na usukani, na kutogeuza boti kwa pupa upepo ukiwa umekaza.

Weledi peke yake hauzuii jambo hili. Mei 2013, katika ghuba ya San Francisco, katamarani kubwa ya timu ya Artemis ilichoma pua na kupinduka mazoezini, na Andrew Simpson wa Uingereza, bingwa wa Olimpiki wa 2008, akanasa chini yake akafa. Walikuwa mabaharia bora duniani, na boti za kuwasindikiza zilikuwa palepale. Baada ya msiba ule waandaaji wa mashindano ya America's Cup walishusha kikomo cha upepo ambacho boti zile zingeruhusiwa kushindana. Kama wao waliona haja ya kikomo, sisi tunaotoa watalii na watoto tunakihitaji zaidi.

Sasa nije kwenye kupindua. Kupinduka kwa katamarani ndogo ni jambo la kawaida la mchezo wenyewe. Anayekuambia yake haijawahi kupinduka hajaiendesha sana. Kinachotenganisha kulowa na kufa ni zile dakika zinazofuata. Nilishuhudia kusi iliyopita, karibu na mlango wa mwamba, pale mwamba unapoachia njia ya kutoka bahari kuu, maji yakiwa yanakupwa. Boti ya kukodisha ilikuwa imelala ubavu, na juu ya mwili wa chini kijana mmoja mwembamba amesimama anavuta kamba kwa nguvu zake zote. Mama mgeni na binti yake wameshikilia ncha ya nyuma. Kijana anajua bahari kuliko mimi, amekulia kwenye ngalawa. Kila akivuta, mlingoti unanyanyuka shubiri mbili tatu halafu unaanguka. Wakati huo mkondo unawapeleka mlangoni, na nje ya mlango mawimbi yanavunja. Tulipowafikia kwa boti ya injini sikuwavuta. Kamba ya demani ilikuwa bado imebanwa, tanga limejaa maji, hakuna binadamu angeweza kulinyanyua. Tukaifungua. Tukageuza boti mpaka pua ikatazama upepo. Nikamwambia yule mama apande asimame nyuma ya kijana, ashike jaketi lake mgongoni na waegemee nyuma pamoja. Tanga lilipotoka majini upepo ukaingia chini yake, mlingoti ukapanda wenyewe, na boti ikasimama kwa muda mfupi kuliko niliotumia kukusimulia.

Watu walikuwa walewale. Boti na upepo ni vilevile. Hakuna aliyekuwa amemfundisha kijana kwamba chombo cha kilo 145 hakisimamishwi na mtu mwepesi peke yake, wala hakuna aliyemwambia mama yule, kabla hajatia mguu majini, kwamba siku hiyo huenda uzito wake ukahitajika.

Ndiyo maana naomba jaribio. Cheti hakiwezi kuonyesha kwamba kamba ya kusimamishia ipo, ni ndefu ya kutosha, na haijaoza kwa jua. Jaribio linaonyesha mara moja. Litaonyesha pia ugonjwa ambao wakaguzi wasiojua katamarani hawaoni: mlingoti unaovuja. Mlingoti wa boti hizi ni bomba la alumini lililozibwa ili lielee. Chumvi ikishakula ribiti, maji yanaingia, na mlingoti ambao ungelala juu ya maji unazama na kuvuta boti yote juu chini. Ukiulaza mlingoti ufukweni na ukasikia maji yanatembea ndani, boti hiyo isitoke. Ziko boya maalumu za kufunga kichwani mwa mlingoti zinazozuia kugeuka kabisa. Kwa boti za kubeba wageni ningeomba ziwe lazima. Na mkaguzi afungue vizibo vya nyuma. Mwili ulioingia maji unakimbiza maji hayo mbele kila wimbi linapoupiga, na pua inayotaka kuchoma inapata mzigo wa kuisaidia.

Kina cha maji nacho kiangaliwe, hasa huku kwetu. Mlingoti wa boti ya ukubwa huu una mita 8 hivi. Ndani ya mwamba, maji yakipwa siku za bamvua, yanapojaa na kupwa kwa wingi kabisa, mahali pengi hapafiki kiunoni. Boti ikigeuka hapo mlingoti unachomeka mchangani au kwenye jiwe, unapinda au unakatika, na nyaya zinabaki zimetapakaa kati ya watu. Wengi wanaona ndani ya mwamba ni bwawa la kuogelea. Kwa aliyevaa jaketi na kujua kuogelea ni kweli kwa kiasi, lakini saa ya maji kutoka kila kinachoelea kinaelekea mlangoni. Boti iliyopinduka inaelea, kwa hiyo nayo inakwenda. Walio juu yake wasiiache. Anayejaribu kuogelea mpaka ufukweni ndiye anayepotea, kwa sababu kichwa cha mtu katika mawimbi ya kusi hakionekani, na boti inaonekana. Vijana wa KMKM, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, hawawezi kusimama kwenye kila mlango wa mwamba wakisubiri.

Nimesikia wenye biashara wakisema jaribio kama hili litawatisha wageni na kuchelewesha vibali. Wageni ninaowapindua kwa makusudi somo la kwanza, kwenye maji ya kina na upepo mdogo, hurudi wakicheka na hurudi tena kesho yake. Hofu inayoua ni ile ya mtu ambaye hajawahi kuwa chini ya tanga na sasa yuko hapo ghafla. Na muda wa jaribio, kwa boti nzima na watu wanaojua kazi yao, ni nusu saa. Boti itakayoshindwa ndani ya nusu saa hiyo, asubuhi tulivu, mkaguzi akiwa karibu, ingeshindwa vibaya zaidi alasiri ya Agosti.

Pamoja na jaribio, naomba kila kituo cha kukodisha kiandikiwe kikomo chake cha upepo, kwa kilomita kwa saa, kibandikwe pale wageni wanapolipia, na kikivukwa bendera nyekundu ipandishwe na boti zibaki mchangani. Naomba uzito wa watu uangaliwe na usiishie kwenye idadi: aliye baharini na wageni awe na uhakika kwamba uzito uliomo botini unatosha kuisimamisha tena. Na kila nahodha abebe kisu kifupi cha kukatia kamba, kimefungwa kwenye jaketi lake, si kwenye begi.

Katamarani yangu iko tayari kuwa ya kwanza. Nashauri mkaguzi aje Paje siku ya maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, asubuhi kabla upepo haujakaza, twende hadi penye kina ambapo mlingoti hautagusa chini. Boti ya injini nitaileta mimi, itasimama pembeni ikiwa imezimwa. Aje na saa, na kama ana nguo za kubadilisha apande na yeye, maana akishavuta kamba ile kwa mikono yake atajua cha kuuliza kwenye boti zote zitakazofuata.

Wako katika kazi,

Mwalimu wa katamarani, pwani ya mashariki, Unguja