Umenunua Rottweiler wa ulinzi, je anakujua?

Sisi tunafundisha mbwa, na simu tunazopokea sana siku hizi ni za hivi: nina Rottweiler wangu wa ulinzi, kijana aliyekuwa anamlisha kaacha kazi, sasa hakuna anayethubutu kusogelea banda. Mbwa ana njaa na wenye nyumba wanachungulia dirishani.

Wala mbwa hana kosa. Tangu aletwe anafungiwa alfajiri anafunguliwa usiku, chakula anapewa na mtu mmoja, nyie anawaona kwa mbali mkishuka kwenye gari, sasa familia yake ni nani kama sio yule kijana? Wengi wanaogopa kwamba akizoea watu atakuwa mpole mpaka mwizi atampokea, aisee kwa aina hii sio hivyo. Asili yao ni mji wa Rottweil kule Ujerumani, walikuwa mbwa wa wachinjaji, wanaswaga ng'ombe na kuvuta vimkokoteni vya nyama, kazi yao ilikuwa pembeni ya mwenyewe kutwa nzima. Huyu analinda watu wake. Asiye na watu anabwekea kila kitu hadi muuza maji, mwisho mnamzoea hata akibweka saa nane usiku hakuna anayeamka.

Muda mzuri wa kumzoesha ni mfupi, kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14 hivi, na wengi mnamchukua ana wiki 8. Chanjo zikiwa hazijakamilika usimtembeze mtaani, ugonjwa wa parvo unaua watoto wa mbwa, ila mbebe mikononi, aone watoto, aone bodaboda, asikie jenereta.

Kuna mlio fulani pia unawatisha watu, ukimkuna kifuani anaunguruma kooni kama anakoroma. Angalia mwili. Akiwa amelegea na amekuegemea mguuni na uzito wake wote basi hapo anadeka tu, lakini akikakamaa, kafunga mdomo na macho kayakaza kwako, acha kumshika, geuka pembeni taratibu. Halafu wana tabia ya kupiga watu kumbo, ndio ile ya kuswaga ng'ombe, sasa dume la kilo 50 likimpiga kumbo mtoto wa miaka minne ni chini puu, bila ubaya wowote. Kwahiyo mtoto mdogo na mbwa wasiachwe peke yao, hata awe mpole vipi.

Wateja wetu Waislamu wanauliza sana kuhusu mate. Sio lazima aingie ndani wala amlambe mtu, anakaa uani, vyombo vyake mbali, tunamfundisha kwa sauti na ishara za mkono. Cha msingi kila mtu wa nyumbani apokezane kumwekea bakuli, mbwa akae kwanza ndo ale.

Tunakuja nyumbani Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali, maana na hilo joto la Dar na manyoya meusi saa sita hafundishiki. Andaa kadi ya chanjo, ya kichaa cha mbwa iwe haijapita mwaka. Na wote muwepo, dada wa kazi pia, tukimkuta baba peke yake tunaahirisha.