Kaka, zege la mama lilikauka ukiwa umeshika maiki

Kaka,

Simu hupokei. Meseji naona tiki mbili za bluu, halafu kimya. Basi nakuandikia hapa wanapopita watu wote, maana tangu uingie siasa hakuna kinachoandikwa juu yako usichokisoma.

Nasikia unajipanga tena kwa ubunge 2030. Kaniambia yule yule wa magunia pale Mbuyuni, na akishajua yule, Moshi nzima imejua.

Kugombea kwako sina neno nako. Nilikuunga mkono 2025, na ile hoja yako naiamini mpaka leo. Sheria ya Fedha inapita Dodoma kila Juni, Julai mosi inaanza kutubana, na wengi wanaoipigia makofi hawajawahi kusimama nyuma ya kaunta mashine ya EFD imegoma, mteja anadai risiti, na nyuma ya mteja kasimama mtu wa kodi. Wewe umesimama hapo. Ulipokuwa mwenyekiti wetu wa wafanyabiashara ulikuwa ukiichambua ile asilimia 18 ya VAT mpaka mama wa ndizi anaelewa anaumia wapi. Nani mwingine angeweza?

Hata mfano wako wa Mzee Ndesamburo sikuupinga. Mwenye hoteli, kalichukua jimbo la Moshi Mjini 2000, 2005 na 2010. Nilikuambia tu kwamba yule watu walimwita Ndesa Pesa na bado wakampigia kura. Wewe wanakuita pesa, halafu wanakupigia simu.

Ulicheka siku hiyo. Tulikuwa bado tunacheka.

Sasa ile Alhamisi tuliyomzika mama. Jeneza limeshashuka, mifuniko imeshapangwa, na mafundi wawili wamekoroga zege pembeni ya mgomba ule wa mama, lile rundo linang'aa maji. Padri kafunga kitabu. Kwaya imevuta pumzi kuanza. Ndipo ukaninong'oneza, "Mdogo wangu, wazuie kidogo, wageni wangu wako njiani wanapanda."

Mimi ndiye niliyekuwa MC. Nilisema kwenye maiki, "Tunaomba utulivu, kuna wageni wetu muhimu." Mdomo wangu huu huu.

Wakaja na Noah tatu. Wanawake wa mtaa, waliomwogesha mama miezi minne, wakanyanyuliwa kwenye viti vya mbele wakaenda kusimama migombani. Soda zikapita kwa wageni kwanza. Ukachukua maiki ukaanza na marehemu, nakumbuka, sentensi mbili au tatu, ukahamia barabara, ukahamia maji, ukatambulisha wajumbe mmoja mmoja kwa kata zao. Shangazi akauliza kwa sauti, "Huyu anazika au anaomba?" Ukajifanya hukusikia.

Mimi nilikuwa namwangalia fundi. Alichota maji kwa kopo la rangi, akanyunyizia lile rundo, akageuza kwa sepeto. Baada ya muda akanyunyizia tena. Mara ya tatu hakugeuza, alisimama tu kaegemea mpini ananiangalia mimi mwenye ratiba. Zege halilali, Kaka. Miaka ishirini unauza saruji, na ni wewe uliyekuwa ukiwakemea wateja kwamba maji ya pili yanaua mchanganyiko. Dakika arobaini! Walipolimwaga lilikuwa linatoka vipande vipande kama ugali wa jana.

Leo lina ufa, toka kwenye msalaba mpaka miguuni. (Msinianzie methali ya ufa na ukuta, tafadhali.) Wewe uko Shanty Town, huuoni. Mimi ndiye kitinda mimba, kihamba, shamba letu la ukoo, kiko kwangu, kila asubuhi nikienda kukata majani ya ng'ombe napita hapo.

Ushauri wangu kwa 2030 ni mdogo. Achana na bahasha. Mahakama Kuu iliizika takrima, ule ukarimu wa wagombea kwa wapiga kura, 2006, na 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Wewe ukaifukua takrima ukaibatiza jina la nauli. Chama kiliongeza wajumbe wa kura za maoni safari ile ili wasinunulike kirahisi, wewe ukaongeza bahasha. Usiku ule mezani kwako tulihesabu elfu kumi kumi mpaka vidole vikanuka hela. Kura thelathini na moja! Bahasha ngapi zile? Unajua mwenyewe, na daftari ninalo.

Na kwa kuwa nimelitaja daftari, nimalize na lile ulilolisema kwenye kikao cha ukoo, mbele ya wake zetu, kwamba nilikula bahasha arobaini.

Hizo arobaini sikuzigawa. Ni kweli. Ulilipa laki tano ya fomu bila kupepesa macho, na fundi wa kaburi la mama ukamwambia aje Jumatatu. Jumatatu zilipita tatu. Alikuwa anakuja kwangu, si kwako, anakaa kwenye kigogo pale nje, hasemi kitu, anaangalia kaburi. Nikafungua bahasha, nikamlipa laki mbili na themanini zake. Iliyobaki, laki na ishirini, ilikuwa ada ya mtoto na vocha, na siku moja nilikunywa, ndiyo. Ulinisomesha, najua. Ningekueleza vizuri kama ungeniuliza tuko wawili. Hukuniuliza. Na kwa hesabu yoyote, kura arobaini za ziada zingekusaidia nini? Mwenzako alikuacha mbali.

Mama angetukalisha jikoni tuongee mpaka mmoja alie. Yeye hayupo, na wanao wanakuja Desemba, wameniuliza kama watalala kihambani kama kawaida. Nimewaambia walale. Vitanda nimevitengeneza.

Wewe usiwape jani la sale, lile la kuombea msamaha Uchaggani, waniletee. Nakujua, ungeweza kulifunga fundo zuri ukampa yule mdogo, na sale likishafika mlangoni siruhusiwi kukataa. Njoo kwanza mwenyewe, na mfuko mmoja wa saruji. Maji nitayapima mimi.

Mdogo wako