Kurasa zenu za gofu zinamsahau mwenye duka

Mhariri,

Kila mwaka mashindano ya gofu ya Kenya Open yanapochezwa, huku Ontario, Kanada, nazisoma kurasa zenu za michezo hadi mstari wa mwisho kabla sijaenda kazini. Na kila mwaka habari ni ile ile: fulani amefuzu mchujo wa siku mbili za kwanza, fulani ameukosa, mshindi amebeba kitita hiki, wetu amerudi na hiki. Basi. Kwenu nyinyi mchezaji wa kulipwa ni mtu wa siku nne, na akikosa mchujo Ijumaa jioni anafutika mpaka mwakani.

Mimi nimeajiriwa kwenye klabu moja ya gofu si mbali na Hamilton. Kazi yangu iko nyuma ya duka, pale mikoba ya fimbo za wanachama inapohifadhiwa: kufuta fimbo, kuzirudisha kila moja kwenye namba yake, kuchaji vigari vya wachezaji usiku na kuvitoa nje alfajiri. Bosi wangu ndiye pro mkuu wa klabu, yaani mchezaji wa kulipwa ambaye kazi yake ni kuihudumia klabu, si kuzunguka kwenye mashindano. Hajawahi kuonekana kwenye televisheni na sidhani kama anataka. Lakini siku asipokuja, hata mwenyekiti wa klabu hajui aanzie wapi. Nimeona niwaandikie kuhusu watu wa aina yake, kwa sababu kwetu wako vijana wengi wanaobeba mikoba leo wasioambiwa kwamba kazi hii ipo, na kwamba mtu anaweza kuzeeka ndani yake akiheshimiwa.

Pro mkuu hufundisha, hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni mengine: yeye ndiye mwenye duka, ndiye anayepanga nani aanze kucheza saa ngapi, ndiye anayeendesha mashindano ya wanachama na kuamua ugomvi wa kanuni baina ya mawakili wawili ambao hakuna kati yao anayekubali kushindwa. Watoto wa likizo ni wake. Mjane aliyerithi fimbo za mumewe anakuja kwake kupunguziwa mpini. Msimu huku unaanza mwezi wa nne theluji ikiyeyuka na unakwisha mwezi wa kumi na moja, halafu uwanja unalala. Yeye halali. Wakati huo anakagua oda: glavu ngapi, viatu saizi gani, mashati rangi gani. Akibahatisha vibaya Januari, Agosti anabaki na rundo la mashati yenye nembo ya klabu ambayo hakuna anayeyataka. Mimi ninayo matatu, ya rangi ya haradali, niliuziwa kwa bei ya kutupa.

Zamani mshahara ulikuwa kitu kidogo tu. Klabu ilimpa pro kibanda na posho, na riziki iliyobaki aliitafuta mwenyewe: ada ya masomo, faida ya mipira, kutengeneza na kukarabati fimbo za mipini ya mti, malipo ya kuwasafishia wanachama vifaa vyao. Duka lilikuwa mali yake. Siku hizi klabu nyingi zimelichukua duka na kumfanya pro mwajiriwa wa mshahara. Wazee wa kazi hii hawajafurahi, maana duka ndilo lililokuwa kiinua mgongo chao.

Sasa niwaambie habari za mtu mmoja, kwa kuwa kwake yeye jambo zima linaonekana wazi.

Mwaka 1900 Toronto Golf Club, klabu iliyoanzishwa 1876, ilimwajiri kijana wa miaka 20 kutoka Uskoti aitwaye George Cumming. Alikuwa amebeba mikoba utotoni, kisha akajifunza ufundi wa kutengeneza fimbo. Hakuwa pro wa kwanza kuvuka bahari. Royal Montreal, klabu kongwe kuliko zote Amerika Kaskazini, iliyozaliwa 1873, ilikuwa imemleta Willie Davis mwaka 1881. Lakini Davis alikuwa mtu wa kuhama, akaishia Marekani. Cumming alifika Toronto akakaa. Alikaa mpaka 1950, miaka 50 kwenye klabu ile ile. Uwanja wenyewe ndio uliohama: klabu iliuacha ule wa mashariki ya mji ikaenda magharibi, kwenye uwanja mpya uliochorwa na Mwingereza Harry Colt, na Cumming akahama nao.

Kikombe alikipata. Mwaka 1905 alishinda Canadian Open, mashindano ya wazi ya Kanada, na mashindano yalichezwa nyumbani kwake Toronto. Kama gazeti lenu lingekuwepo, lingemwandika siku hiyo na kumaliza naye hapo. Ila tazameni mashindano hayo katika miaka kumi, kuanzia 1905 hadi 1914. Mara moja alishinda Cumming. Mara nne walishinda Charles na Albert Murray, ndugu wawili waliozaliwa Uingereza wakakulia Toronto, wakibeba mikoba kwenye klabu hiyo hiyo kabla ya kuwa wanagenzi wake. Mara mbili alishinda Karl Keffer, mzaliwa wa Ontario, naye alikuwa msaidizi wake. Saba kati ya kumi, zote zimetoka karakana moja! Albert alikuwa na umri wa miaka 20 tu aliposhinda 1908.

Na hapo ndipo hadithi yenyewe inapoanza, Mhariri, maana vijana hao hawakuendelea kuzunguka wakitafuta vikombe. Walipata maduka. Charles Murray akawa pro mkuu wa Royal Montreal, akakaa zaidi ya miaka 30. Keffer akaenda Royal Ottawa, naye akakaa zaidi ya miaka 30. Kila mmoja akawa na wanagenzi wake, ambao nao walitawanyika kwenye klabu nyingine. Julai 1911, walipokutana Ottawa kwa ajili ya Open ya mwaka huo, mapro waliunda chama chao. Waingereza walikuwa wamekitangulia kwa miaka kumi; Wamarekani waliunda chao miaka mitano baadaye. Cumming alikuwa miongoni mwa waasisi. Kwa hiyo watu waliokuwa wakiingilia mlango wa nyuma wa jumba la klabu, kwa kuwa sebuleni pro hakukaribishwa zama hizo, walikuwa na chama chenye katiba na ubingwa wake.

Hapa Hamilton tuna wetu, Nicol Thompson, aliyekuwa pro wa Hamilton Golf and Country Club kwa zaidi ya miaka 40. Mdogo wake Stanley ndiye aliyechora viwanja vya Banff na Jasper ambavyo watalii wanavipiga picha mpaka leo. Kwa muda Nicol, Stanley na Cumming walikuwa na kampuni moja ya kuchora viwanja. Watu hawa walilima, walijenga, waliuza, walifundisha. Kucheza kulikuwa sehemu ya kazi, na wakati mwingine sehemu ndogo.

Kazi hii ina gharama yake, sitaki kuipaka asali. Stan Leonard wa Vancouver alikuwa na uwezo wa kushindana na yeyote Marekani, lakini alikuwa na familia na kazi ya uhakika kwenye klabu ya Marine Drive, na miaka yake ya nguvu aliimalizia dukani. Alipotoka kwenda kuzunguka na ligi ya Marekani alikuwa karibu na miaka 40. Akashinda mara tatu, 1957, 1958 na 1960, na kwenye Masters, moja ya mashindano makubwa ya Marekani, akashika nafasi ya nne miaka miwili mfululizo. Nimewahi kumuuliza pro wetu kama angefanya kama Leonard au angeondoka mapema. Hakujibu, alinituma nikalete kigari namba 14.

Pat Fletcher naye ni wa kukumbukwa. Alizaliwa Uingereza akakulia Kanada, na mwaka 1954 alikuwa pro mkuu wa klabu ya Saskatoon, mji wa nyika ambako majira ya gofu ni mafupi kuliko ya kwetu. Mwaka huo akaenda Point Grey, Vancouver, akashinda Canadian Open. Kisha akarudi kazini. Miaka miwili baadaye Royal Montreal ilimchukua, akaishi nayo karibu miaka 20. Baada yake Mkanada mwingine hakulishinda taji hilo hadi Juni 2023, pale Nick Taylor alipopiga mkwaju wa futi 72 katika shimo la nne la ziada la kuamua mshindi huko Oakdale, Toronto. Hiyo mliiandika, nilisoma, na video mliiweka. Hamkuandika kwamba yule wa kabla yake, miaka 69 nyuma, alikuwa mwenye duka.

Msidhani ni habari ya klabu za matajiri peke yake. Kitchener, mwendo wa saa moja kutoka hapa, kuna uwanja wa manispaa uitwao Rockway. Pro wake alikuwa Lloyd Tucker. Mikononi mwake wamepita Moe Norman, ambaye wengi wanasema hakuna aliyewahi kuupiga mpira ukanyooka kama yeye, na Gary Cowan, aliyeshinda ubingwa wa ridhaa wa Marekani 1966 na tena 1971. Uwanja wa manispaa, watoto wa wafanyakazi wa viwandani. Kwenye klabu nyingi huku utaona ukutani mbao za majina ya mabingwa wa wanachama kwa rangi ya dhahabu, mwaka baada ya mwaka. Jina la pro aliyewafundisha wote hao utalitafuta sana.

Leo anayetaka kazi hii Kanada huajiriwa kwanza kama mwanagenzi chini ya pro aliyekwisha kufuzu, hufanya mtihani wa kucheza, husoma mafunzo ya chama, kisha hupanda ngazi: msaidizi, pro mkuu, na kwenye klabu kubwa mkurugenzi wa gofu. Wengine hupitia chuo. Humber na Georgian vimetoa wengi. Wasaidizi wawili wa bosi wangu wako kwenye njia hiyo sasa. Mmoja anacheza vizuri kuliko bosi mwenyewe, lakini dukani hesabu zinamshinda, na bosi haoni haya kumwambia kwamba hiyo ndiyo itakayomchelewesha.

Ombi langu ni hili. Kenya Open ijayo, mwambieni mwandishi wenu mmoja asiwafuate wachezaji uwanjani. Aende dukani. Amuulize pro wa klabu amekaa hapo miaka mingapi, alijifunza kwa nani, ana wanagenzi wangapi, duka ni lake au la klabu, na nani analipa bili yake ya hospitali. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianza kwa kubeba mikoba, hilo mnaliandika kila mwaka kama mkosi walioukwepa. Na akina Murray walianza hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mwenye duka aliwavuta ndani.

Kijana wa shemeji yangu anabeba mikoba kwenye klabu moja ya Pwani. Ana miaka 19, anacheza Jumatatu kwa fimbo za kuazima, na kwa mkono wake ameshawabadilishia wanachama mishikio ya raba kwenye fimbo zao. Ameniandikia kuuliza: akitaka kuwa pro wa klabu, si wa kuzunguka, aanzie kwa nani, alipe nini, afanye mtihani gani? Ya Kanada nimemwambia. Ya nyumbani naomba mumjibu nyinyi, kwenye ukurasa ule ule mnaoandikia mchujo.

Baba Zuhura,
Hamilton, Ontario