Kabla ya kuilaumu LUKU, ipime

Mhariri,

Baridi ya Juni na Julai ikishuka hapa Arusha, maneno ni yale yale kila mtaa: LUKU inakula uniti, mita imechezewa. Mita mbovu zipo, sikatai. Lakini kabla ya kwenda kulalamika, mwenye nyumba anaweza kujipimia mwenyewe, na kipimo anacho tayari.

Kwenye mita kuna taa ndogo nyekundu, na pembeni yake pameandikwa 1000 imp/kWh (nyingine huandikwa 800 au 1600). Maana yake taa ikimweka mara 1000, uniti moja imekwenda. Zima breka zote. Taa ikitulia, hata kama inabaki imewaka, hakuna umeme unaotumika. Ikiendelea kumweka, kuna aliyejiunga kati ya mita na bodi yako, au mita yenyewe ina kasoro. Hapo una hoja ya kupeleka TANESCO. Kisha chomoa vyombo vyote, zima taa na hita, washa breka. Ikianza kumweka, umeme unavuja kwenye waya, mara nyingi ule uliofukiwa kwenda taa za nje. Zima breka moja moja mpaka uione inayohusika.

Baada ya hapo washa chombo kimoja, hesabu mimweko ya dakika moja, zidisha kwa 60: hizo ndizo wati zake, kwa mita ya 1000. Pasi ya wati 1,000 itamweka kama mara 17. Hita ya bafuni ya wati 5,500 ni zaidi ya mara 90, jicho halifuati.

Na mlaji mkubwa ni huyo wa bafuni. Dakika 10 ni uniti 0.9. Watu watano wakioga hivyo kila siku, ni uniti 138 kwa mwezi, kabla hamjawasha hata taa moja. Kwa bei zilizowekwa na EWURA, mdhibiti wa nishati, mwaka 2016, mteja wa D1 (kundi la nyumba zenye matumizi madogo) hulipa shilingi 100 kwa uniti mpaka 75 kwa mwezi, na 350 kwa kila inayozidi, kodi bado. Hita peke yake imeshamvusha.

Weka swichi kwenye vuguvugu, punguza maji kidogo. Yakipita polepole hupata moto wa kutosha. Ukibana mno, hita hujizima. Ndoo nayo: chemsha lita 5, changanya na 10 za baridi, umetumia kama nusu uniti. Anayeoga dakika 5 hana haja ya ndoo, gharama ni ile ile.

Hita hiyo huvuta karibu ampea 24. Mafundi wengine huiunga kwenye waya wa 2.5 (unene kwa milimita za mraba) uliokuwa wa soketi, na huo ni uzembe. Inataka waya wake wa 6, breka yake, na ethi (waya wa kwenda ardhini). Kiungo kikilegea huchemka hadi plastiki iyeyuke, na hapo si suala la bili tena.

Jikoni, tukumbuke tupo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, kwa hiyo maharage na makande huchelewa kuiva kuliko Dar es Salaam. Sufuria kwenye koili itakula uniti saa nzima na zaidi. Jiko la presha la umeme hupandisha joto kupita hapo, tena likishashika presha hujizima na kuwaka kidogo kidogo.

Friji, bana karatasi mlangoni: ikichomoka bila kukwama, mpira umechoka.

Wapangaji mnaochangia LUKU moja, kugawana kwa vichwa hakumtendei haki asiye na hita. Fungeni submita kila chumba, na mwenye hita alipe ya kwake.

Fundi umeme wa majumbani,
Sakina, Arusha